Agatha Hhando na Nyufa za Masakta

Wasikilizaji wapendwa wa Mbulu na Hanang, popote mlipo, karibuni. Mimi ni Frida Vitalis. Leo tunamkumbuka Agatha Hhando, mtaalamu wa udongo, aliyezikwa Jumamosi nyumbani kwao Masieda. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Wengi hamkumfahamu. Kazi yake ilikuwa ya ofisini. Dawa ya kilimo ikiombewa kibali, yeye alikadiria kwa kompyuta kama itazama ardhini hadi kwenye maji tunayokunywa. Unaiambia kompyuta aina ya udongo, mvua na dawa. Nayo inakokotoa dawa itafika kina gani.

Miaka sita iliyopita ililetwa dawa ya magugu ya mahindi. Hesabu ya muuzaji ilionyesha kwamba dawa itabaki juu. Muuzaji akasema, "Mama, kompyuta imeshasema ni salama."

Agatha akamjibu, "Imesema kuhusu udongo mlioiambia. Wa Masakta hamjaiambia."

Masakta, wasikilizaji, ndiko anakolima mdogo wake, Agustino. Udongo wa pale ni mweusi. Kiangazi unapasuka, mkono unaingia hadi kwenye bega. Agatha alikwenda kabla ya mvua, akamwaga maji yenye rangi ya buluu shambani kwa Agustino.

"Dada, serikali imekusomesha uje kumwagilia shamba lisilo na mbegu?" Agustino akamtania.

Kesho yake walichimba shimo. Rangi haikubaki juu. Ilikuwa imefuata nyufa, ikashuka chini kupita kimo cha mtu.

"Hiyo ni rangi tu," alisema Agustino. "Dawa si rangi."

"Ndiyo maana nitapiga hesabu upya," Agatha akasema.

Agustino aliitaka sana dawa ile. Yeye na mkewe, Glory, walikuwa wanapalilia ekari nne kwa jembe la mkono. Alishawaambia majirani kwamba dada yake ataipitisha.

Agatha aliingiza nyufa kwenye hesabu. Jibu likabadilika. Mvua za kwanza zingeishusha dawa hadi kwenye maji ya visima, kwa kiwango kinachozidi kinachoruhusiwa. Akashauri dawa iruhusiwe kwingine, isitumike kwenye udongo unaopasuka. Ushauri huo ulikubaliwa.

Majirani walimcheka Agustino. "Dada yako amekuletea jembe!" Naye akampigia simu dada yake. "Dada, wewe hujapalilia siku nyingi."

"Ni kweli, Agustino. Lakini wote mnachota maji kwenye kisima kimoja."

Msimu huo Agatha alichukua likizo, akaja kupalilia. Glory anakumbuka: "Wifi alipalilia vibaya jamani! Alikata mahindi yangu mstari mzima. Nikamwambia, wifi, rudi kwenye kompyuta." Hakurudi. Alikaa hadi shamba likaisha.

Maji ya kisima kile hupimwa kila mwaka. Dawa hiyo haijaonekana. Agatha hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alisema madhara ambayo hayakutokea hayawezi kuonyeshwa kwa mtu. Kinachoonyeshwa ni hesabu, na hesabu yake ipo.

Nilimuuliza Agustino msibani kama hasira imeisha. Alisema, "Bado napalilia kwa mkono. Mgongo bado unauma. Lakini dukani Katesh nikiiona ile chupa naigeuza, nawaonyesha watu yale maandishi. Nawaambia, hayo ni ya dada yangu."

Agustino, Glory na ukoo wote wa Hhando, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mmempoteza mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, na wilaya zetu mbili zinajivunia yeye.

Nasi tuliobaki tutafakari. Jina la Agatha halipo kwenye chupa ile. Kuna sentensi moja tu, kwa Kiswahili: "Usitumie kwenye udongo unaopasuka." Ukiinunua, kabla hujaifungua, isome. Kisha nenda shambani kwako, uangalie chini.