Mama Sijui na Swali la Kondo Moja

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu. Kwenye skrini, vichwa viwili.

Wasikilizaji wapendwa, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichoonekana. Vichwa viwili, mioyo miwili inayopiga, na kati yao mstari mwembamba wa utando. Aliyeshika kifaa alikuwa mpimaji wa altrasaundi katika kliniki ya wajawazito. Wenzake walimwita Mama Sijui. Aliyelala kitandani alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, mwenye mimba ya miezi mitano. Mama Sijui hatunaye tena, na saa hii ya redio ni yake.

Asubuhi ile mkwe alisita kupandisha blauzi.

"Mama, naona aibu."

"Aibu ivue, uiweke na viatu pale chini. Mpimaji mwingine yuko likizo."

Jeli ilikuwa ya baridi. Mkwe akashtuka, akatulia, akauliza kama ni wawili kweli.

"Wawili. Wote wa kike."

"Wanafanana?"

"Na nani?"

Mkwe alicheka, ila hakucheka sana. "Mama, nauliza kama ni yai moja au mayai mawili."

Mama Sijui alisogeza kifaa kushoto, akakirudisha kulia. Alitazama pale utando ulipogusa ukuta wa tumbo la uzazi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mkwe alivyopenda. Kisha akasema neno lililompa jina.

"Sijui."

Jina hilo halikuwa la heshima mwanzoni. Mkunga aliyefanya naye kazi tangu ujana anakumbuka baba mmoja mfanyabiashara aliyeingia chumba cha kipimo na mfuko wa nguo. Alikuwa ameshashonesha sare mbili za watoto, akataka tu kuthibitishiwa kwamba mapacha wake watafanana kama shilingi kwa ya pili.

"Sijui," akaambiwa.

"Sasa hizi sare nizipeleke wapi?"

"Wavalishe. Hata majirani wasiofanana huvaa sare."

Mkunga anasema kuanzia siku ile jina lilishika, na mwenyewe akaliitikia.

Wasikilizaji wapendwa, tuliweke sawa jambo lenyewe, maana ndilo lililomtafuna mama huyu mpaka mwisho. Mapacha wa yai moja ni wale ambao yai lililorutubishwa liligawanyika. Mapacha wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida waliobebwa pamoja. Altrasaundi haioni yai. Inaona jinsia, inaona utando, na inaona kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni. Mmoja akiwa wa kiume na mwingine wa kike, ni mayai mawili, isipokuwa kwa nadra mno. Wakiwa na kondo moja, ni yai moja, karibu kila mara. Wakiwa na makondo mawili na jinsia moja, picha haiwezi kukata shauri, kwa sababu yai likigawanyika mapema sana, kila mtoto hupata kondo lake. Narudia: makondo mawili si ushahidi wa mayai mawili.

Na kuna wakati wa kutazama. Kabla ya mwezi wa nne, utando unaotenganisha watoto huonyesha wazi unavyokutana na kondo. Ukiingia na kabari ya nyama chini yake, kama paa la nyumba, makondo ni mawili. Ukisimama wima bila kabari, kondo ni moja. Baadaye kabari hiyo hufifia, na makondo mawili yaliyobanana huonekana kama moja. Mkwe alikuja kwenye mwezi wa tano. Alikuwa amechelewa.

Alichelewa kwa sababu ya kazi. Yeye ni fundi wa lifti, na miezi ile alikuwa mji mwingine, kwenye jengo refu lenye lifti nne mbovu. Mama Sijui hakumlaumu. Alimfuta jeli, akampa mkono ainuke, akamwambia arudi kila baada ya wiki mbili.

"Kila wiki mbili? Wenye mapacha wengine huja kwa mwezi mara moja."

"Wale makondo yao yanajulikana kuwa mawili. Watoto wa kondo moja huchangia mishipa. Damu inaweza kumkimbia mmoja ikamjaa mwenzake, na wote wawili wakaharibika."

"Kwa hiyo hawa wana kondo moja?"

"Sijui, mwanangu. Hebu niambie. Lifti ambayo hujaiona breki zake, unaiandikia nini?"

"Haijakaguliwa."

"Na watu?"

"Wapande kwa ngazi."

"Haya. Na wewe panda kwa ngazi."

Basi akapanda. Kila wiki mbili aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye benchi la kliniki, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kusuasua. Hakuweza kutulia. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akasoma mabango ya ukutani aliyokwisha kuyasoma. Mumewe anasema nyumbani alikuwa hivyo hivyo, anaamka kitandani kuhesabu mateke, anamwamsha kumuuliza kama mateke ya kulia yamepungua. "Mimi nitajuaje? Tumbo lako!" anamjibu. Wanagombana. Wanalala.

Nyumbani hakukuwa na uhaba wa wataalamu. Wifi yake Mama Sijui, dada wa marehemu mumewe, aliibandika picha ya altrasaundi kwenye mlango wa friji na kutoa hukumu.

"Hawa ni mayai mawili. Tazameni. Huyu ana pua ya kwetu, huyu kachukua hilo pua la wifi yangu. Wanafananaje?"

"Wifi, hiyo unayoita pua ni goti."

"Basi ana goti lako."

Watu walicheka. Mkwe hakucheka. Alimfuata mama mkwe wake jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, niseme ukweli? Nimechoka. Kila safari wako sawa. Nidanganye basi hata mara moja, uniambie ni makondo mawili, nipumzike."

Mama Sijui aliendelea kukausha sahani. Akasema, "Nikikudanganya nitapumzika mimi. Wewe utabaki na tumbo."

Hayo ni maneno ya mwisho marefu waliyoambiana. Asubuhi ya Alhamisi Mama Sijui aliketi kwenye kiti cha barazani kufunga kamba za viatu aende kazini. Mwanawe alimkuta ameinama, kiatu kimoja kimefungwa. Daktari alithibitisha kwamba moyo ulisimama.

Alizikwa Jumamosi. Jumatatu ilikuwa siku ya kipimo.

Nyumba ilikuwa bado imejaa watu, viti vya kukodi vimepangwa hadi kwenye geti. Mkwe alitoka chumbani amevaa, amebeba kadi ya kliniki. Wifi alimsimamisha mlangoni.

"Unakwenda wapi na msiba uko ndani?"

"Kliniki, shangazi."

"Mwanangu, huyo mpimaji tumemzika juzi. Siku moja ukikosa itakuwaje? Watu watasema nini?"

"Watasema nimepanda kwa ngazi."

Wifi hakuelewa. Mume alielewa, akachukua ufunguo wa gari.

Kipimo kilifanywa na yule mpimaji aliyekuwa likizo. Anakumbuka kwamba hakupenda alichokiona, akazima skrini, akaiwasha tena. Mtoto wa kulia alikuwa na maji mengi kupita kiasi. Wa kushoto maji yalikuwa yamepungua hadi utando ukamganda mwilini, dalili kwamba damu ilikuwa inamkimbia. Wiki mbili kabla hawakuwa hivyo. Kama angengoja hadi msiba uishe, madaktari wanatuambia, hawawezi kusema wangemkuta nani. Wanasema hawajui. Tunawashukuru kwa kusema hivyo.

Mkwe alilazwa siku hiyo hiyo, mimba ikiwa na miezi saba. Akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Ijumaa akafanyiwa upasuaji. Wasichana wawili, wote hai. Mmoja mwekundu, amejaa. Mwenzake mdogo, amepauka kama karatasi.

Wifi aliwatazama kupitia kioo cha chumba cha watoto njiti. "Nilisema mimi! Hawafanani hata kidogo."

Mkunga hakubishana naye. Alikuwa ameshalifuta kondo la nyuma kwenye trei ya chuma na kuutenganisha utando. Tabaka mbili nyembamba, zinazopitisha mwanga, bila kitu katikati. Maabara ikathibitisha. Kondo moja. Yai moja. Narudia, kwa ajili ya Mama Sijui, aliyelala na swali hilo usiku wake wa mwisho: kondo moja.

Kwa mwanawe, kwa mkwe wake, kwa wifi yake aliyeomba tumwambie msikilizaji kwamba bado anawaona hawafanani, na kwa wenzake wa kliniki: poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza ukiwa na mimba ya mapacha, au una dada mwenye mimba hiyo, nenda mapema, kabla ya mwezi wa nne. Usianze kuuliza kama wanafanana. Uliza kondo ni moja au mawili. Ukijibiwa "sijui", muulize mpimaji utarudi lini. Sisi wengine tufikiri ni mara ngapi tumelazimisha jibu kwa mtu ambaye hakuwa nalo.

La mwisho tulilolithibitisha kabla ya kuingia studio ni hili. Jana mchana watoto wote wawili waliruhusiwa kwenda nyumbani. Wodi iko ghorofa ya tatu. Baba alibeba mmoja, mama akabeba mwingine. Mlango wa lifti ulifunguka. Mama alisimama nje, akasoma kibandiko cha ukaguzi, tarehe na sahihi.

Akaingia.