Karani Aliyehesabu Nyumba Yake

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Karani, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tano. Yeye mwenyewe angetaka isomwe hivi: siku hiyo nyumba ya baba yake ilipanda kutoka watu sita hadi saba.

Alianza shule mwaka 1956. Akiwa darasa la tatu alimweleza mwalimu kwamba daftari la mahudhurio lina watoto arobaini na mmoja ilhali darasani wamo arobaini na watatu, kwa kuwa wawili walihamia na hakuna aliyewaandika. Mwalimu alimkabidhi daftari lile ili apate kupumua.

Kuanzia 1970 hadi alipostaafu 2008 alikuwa karani wa ofisi ya takwimu. Alizunguka nyumba kwa nyumba katika sensa tatu na kung'atwa na mbwa watatu. Alituchosha na wimbo mmoja: watu huongezeka kwa kuzaliwa na kuhamia, hupungua kwa kufa na kuhama, mengine yote ni porojo.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1977. Bibi harusi alipovuka kizingiti, bwana alichomoa daftari akaandika: "Amehamia, mmoja."

"Kwani mimi mkeo au mhamiaji?" aliuliza wifi yetu.

Mwaka uliofuata walizaliwa mapacha. Karani akatangaza kuwa nyumba imekua kwa asilimia mia moja, na kwa kasi hiyo mwaka wa kumi watakuwa watu 2,048.

"Hao wengine utawazaa na nani?" mkewe alimjibu. Nyumba ilifika watu sita, wakatosheka.

Watoto wakubwa walipoondoka aliwapunguza bila kupepesa jicho. Mwaka 2012 kitinda mimba alipata kazi ng'ambo. Begi halijafika kwenye teksi, baba kashaandika: "Amehama." Binti aliona, na ilimuuma sana. Kwa miaka kumi na mmoja alimpigia simu mama yake tu.

Karani alipougua figo, binti alirudi kumuuguza, tarehe 4 Februari 2023. Baba alimwandika mgeni, kwani kwa mwenye tiketi ya kurudi kanuni yake ilitaka miezi sita ndipo awe mkaazi. Binti alimwogesha, akampikia uji, huku amenuna.

"Mgeni ndiye anayekufulia mashuka, Baba."

Tarehe 4 Agosti mzee aliomba kalamu. Akaandika: "Amehamia, mmoja." Binti aliangua kilio.

"Si ungeniandika tu siku ya kwanza?"

"Niliogopa kukufuta mara ya pili, mwanangu."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na dada yake anayesoma haya. Tulikuwa tumeandika "watoto watatu, na mmoja aliye ng'ambo." Kitinda mimba alipoletewa karatasi aliyakata maneno hayo kwa mstari.

"Shangazi, andika wanne," alisema. "Tiketi ya kurudi nimeshaichana."

Kaka yetu, lala salama.