Aliyelishwa Dawa Haondoki

Nilitoka Isebania nikiwa na miaka kumi na tisa, ndugu zangu, na cheti cha sekondari ndani ya mfuko wa nailoni. Nikachuma chai Kericho, nikabeba matofali Nakuru, nikasukuma mkokoteni Mombasa. Kila mahali nilisema nitarudi nyumbani msimu ujao. Nilipofika Sori kutengeneza injini za maboti nilikuwa nimepita arobaini, na wenyeji wakaniita jadak, mgeni anayeishi kwenye ardhi ya wenyewe.

Aliyenipokea ni mama mmoja mjane mwenye hoteli ya mabati. Simtaji jina, nimelichafua vya kutosha. Nilipougua homa na mafua makali, aliniletea uji hadi mlangoni.

Homa ikaisha. Siku mbili baadaye nikala samaki wake wa mchuzi, nikawa kama natafuna karatasi.

"Mama, umebadilisha nini humu?"

"Mimi? Labda umebadilika wewe, jadak."

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kumchunguza. Kwa nini alinihudumia vile? Kwa nini anapakua akinipa mgongo? Nilikuwa nimesikia habari za wanaume waliolishwa dawa wasiondoke, wakasahau kwao. Na kweli, nikiukumbuka uji wa wimbi wa marehemu mama yangu, naliona bakuli tu, ladha haiji. Nikasema, basi, nimelishwa.

Nikahamia mayai ya kuchemsha. Nani atatia dawa ndani ya yai? Nayo hayakuwa na ladha, nikamshuku muuza mayai. Petroli haikunuka, nikasema imetiwa maji. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nakonda. Nikamnong'oneza mvuvi mmoja, "Yule mama ananilisha kitu." Sori ni ndogo. Wiki haikuisha, benchi zake zikawa tupu, samaki wake wakawa wanarudi nyumbani ndani ya sufuria bila kununuliwa.

Siku moja nilikuwa ufukweni nakula yai langu la pili. Mama akapita na ndoo, akaziba pua.

"Yawa, unakula nini?"

"Kitu ambacho hukupika wewe."

Akaninyang'anya, akalitupa majini. Lilikuwa limeoza, kiini cheusi. Wavuvi walikuwa wameshasogea mbali kwa uvundo, na mimi nilishameza moja zima.

"Hata hiyo husikii?" akaniuliza polepole. "Wewe hujarogwa. Wewe ni mgonjwa. Twende zahanati."

Muuguzi akanieleza kwamba virusi vya mafua vinaweza kuharibu uwezo wa kunusa, na pua ikilala, ulimi nao unapoteza ladha. Wengi hupona, wengine baada ya miezi. Akaniambia ninuse limau, tangawizi na kahawa asubuhi na jioni. Mama alinisubiri nje, mtu niliyemharibia biashara.

Kesho yake nikasimama mbele ya wavuvi. "Mwongo ni mimi. Hakuna dawa. Ni pua yangu."

Mmoja akasema, "Si ndivyo yule mama alivyomwambia aseme?" Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu. Kwao aliyelishwa dawa haondoki; maadamu nilikuwa Sori, nikimtetea nimelishwa, nikinyamaza nimelishwa. Na ndiyo mara ya kwanza nilitamani kubaki mahali.

Namshukuru yule muuguzi. Nawashukuru ninyi wa hapa Kosele mlionipokea bila kuniuliza sana. Limau nalisikia sasa, kwa mbali. Kahawa bado inanuka mpira ulioungua. Ninachowaomba ni hiki: mwili ukikubadilikia, uliza zahanati kabla hujamtaja jirani. Neno ukishalitoa, hata wewe mwenyewe hulirudishi.

Yule mama simshukuru kwa maneno. Nilichagua siku ya soko, mchana, watu wamejaa. Nikakaa benchi ya mbele, nikala ugali na samaki wake mpaka mifupa, nikanawa mikono, nikabeba sanduku langu la spana.

"Unaenda wapi?" mvuvi mmoja akauliza.

"Naondoka kabisa."

"Na yeye amekuruhusu?"

Mama alikuwa anafuta meza. "Nani alimfunga?" akasema. Kisha akanijia karibu, kwa sauti ya chini: "Usikimbie. Wakuone."

Nikapita katikati ya soko zima, polepole, wakiniangalia.