Viatu Mlangoni pa Msikiti

Wapendwa majirani wa Jericho, na ninyi mliosafiri kutoka Funyula, familia inawasomea maisha ya Mzee Nashon Wandera Masinde, fundi, mbishi, na baba tuliyempenda sana.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Funyula, Busia, mtoto wa tatu wa Mzee Masinde na Mama Nabalayo, akasoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1972, alikochapwa mara nyingi kwa kumchora mwalimu, wala hakuacha.

Mwaka 1976 aliingia Nairobi, akaanza kuandika mabango ya maduka sokoni Jericho, na kama umewahi kunyolewa au kununua nyama mtaani humu, umesoma mwandiko wake. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Phelister Ayuma, wakajaliwa watoto wawili, Vivian na Mulama.

Mabango ya kuchapishwa yalipomnyang'anya kazi hakukaa kulalamika, bali Januari 2023 alianza picha ambayo, kwa maneno yake, haitangazi biashara ya mtu: msikiti uliokabili kibanda chake miaka yote, mnara na matao yake, wazee wakitawadha, mama wa viazi karai kando ya lango, na kupitia mlango ulio wazi, safu za waumini wakiswali. Ndani hakuwahi kuingia, na kwa kuwa alikulia kanisani akidhani Waislamu kokote waliko huelekea mashariki, aliwageuza wote wakalikabili jua la asubuhi.

Agosti 2024 daktari alimwambia ana saratani ya koo, nayo imeenea. Ifrah, jirani yetu anayeuza chai, alikuja kumjulia hali, akaiona picha, akacheka hadi akashika ukuta, akasema, "Mzee, kutoka hapa Maka iko kaskazini, hawa wako wameelekea mashariki, wanaswalia Kayole!"

Safu zile za waumini, kazi ya miezi mitano, alizikwangua kwa kisu. Phelister alimsihi aiache, apumzike, kwani nani atajua, naye, sauti ikiwa imekwisha, akaandika kwa chaki ukutani: Ifrah anajua. Tulimkasirikia, tuseme ukweli, kwa sababu siku zilizobaki tulizitaka ziwe zetu. Wazee wa msikiti walimkaribisha, akavua viatu mlangoni, akaketi ndani wiki tatu akiwachora waumini upya wakielekea kibla, na mwanga wa madirisha, Vivian akimwegemeza mgongo.

Alimaliza Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, akalala kitandani siku tisa, akatuacha Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni, mikononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa sokoni, wazee wa msikiti, kanisa letu, na Ifrah, aliyemletea uji kila siku na hakumdanganya hata mara moja.

Picha iko hapa mbele yenu. Hakuitia sahihi, lakini tazameni viatu vilivyopangwa mlangoni, mtaona jozi moja ya kahawia yenye matone ya rangi, na mwenyewe yuko ndani.

Pumzika kwa amani, Baba Vivian, viatu tutakuangalizia.