Jina la Bibi wa Karantini

Benchi la Mama Kahawa linatazamana na nyumba ya zamani ya karantini, walikofungiwa wagonjwa wa ndui enzi hizo, na ambayo siku hizi wageni hulipa kiingilio waione. Wenye kijiwe, wao miaka nenda rudi waliipa mgongo tu. Leo ndiyo kwanza wamevuka barabara wakaingia, kwa ajili ya Wembe, kinyozi, ambaye bibi yake mzaa baba alipelekwa humo na hakurudi. Wagonjwa waliandika majina yao ukutani kwa misumari. Wembe aliyasoma yote, akatoka, na sasa kahawa inampoa mkononi. Wenzake roho zinawauma kumwona hivyo.

— Hayumo? aliuliza Gundi, mshona viatu.

— Sijamwona.

— Basi furahi, bwana! Kama hayumo, hakufia humo. Alipona akaenda zake.

— Akaenda bila kumchukua mwanawe?

Gundi akarudi kushona haraka haraka. Saa Mbovu, fundi saa, akadaka maneno.

— Usimsikilize huyu. Bibi alitoroka! Si umeliona lile dirisha?

— Lina nondo, wewe, alisema Wembe.

— Nondo wameziweka baadaye. Unadhani kwa nini waliziweka? Kwa sababu yake! Na mwanawe alimwacha asije akamwambukiza. Hayo ndiyo mapenzi, kaka.

— Hamjui kitu, alisema Mama Kahawa. Bibi alibaki humo kwa hiari yake. Waliopona wote, yeye ndiye aliyewaponya.

— Umeona! alidakia Saa Mbovu. Mpaka wakubwa wakamwogopa, wakalifuta jina lake!

Wembe akacheka kidogo. Alijua wanamdanganya, na aliwapenda kwa hilo.

Pembeni alikaa dada mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake kwa Gundi.

— Samahani, kaka, aliuliza. Bibi yako alikuwa anaitwa nani?

Wembe akalitafuta jina kichwani. Baba yake alimwita mama. Majirani walimwita kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama wanavyoitwa wanawake wote. Alipougua, mashangazi kwa hofu wakamwita yule wa karantini, na hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Wembe aliingia mle akiamini kwamba akiliona tu, moyo utamwambia.

— Sijui, alisema.

Sindano ya Gundi ikasimama.

— Kumbe huenda nimemsoma, Wembe alisema taratibu. Nimemsoma, nikampita.

Machozi yakamtoka mbele ya watu, wala hakuyafuta. Mama Kahawa akafunika birika.

— Majina ya wanawake ni mengi?

— Mengi sana.

— Basi inuka, mwanangu. Twende tukawaamkie wote.

Wakavuka barabara, na yule dada nyuma yao akichechemea na kiatu kimoja. Mbele ya ukuta Wembe akapiga magoti, akaweka kidole kwenye jina la chini kabisa.

— Shikamoo, bibi, alisema, akasogeza kidole kwenye jina lililofuata.