Mzee Hebu na Breki za Viraka

Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi wetu wa breki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Ofisi ya utumishi iliandika miezi mitatu. Yeye hakukubali, alikwenda na barua yake ya kuajiriwa, akawahesabia kwa vidole, na ule mwezi mmoja ukarudi mahali pake. Jina lililo kwenye barua hiyo wengi wetu hatulikumbuki. Karakana nzima inamwita Mzee Hebu.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ukimkabidhi kitu chochote, hata bolti, atasema hebu, akipeleke dirishani, akigeuze, akikwaruze kwa ukucha, ndipo akipokee. Mimi ndiye mtunza stoo, kwa hiyo hebu hizo nimezila kwa miaka kumi na tisa. Mwanzoni nilidhani ananiona mwizi. Baadaye nikamuuliza Shemeji, mkewe, akanipoza moyo: nyumbani mzee hufunga mlango, huusukuma, huenda hatua kumi, kisha hurudi kuusukuma tena. Basi nikajua si mimi tu. Hata kitasa chake mwenyewe hakiamini.

Faida yake tumeiona. Nje ya lango letu kuna mteremko mkali unaoishia kwenye njia panda, na katika miaka yote hiyo hakuna gari lililotoka mikononi mwake likashindwa kusimama pale chini. Ni yeye aliyebandika ukutani kanuni kwamba kazi yoyote ya breki lazima ikaguliwe na mtu wa pili. Alituandama nayo, vijana kwa wazee. Lakini kazi zake mwenyewe hakuna aliyethubutu kuzikagua, na nafasi ya mkaguzi wa pili kwenye kadi zake ilibaki tupu miaka nenda miaka rudi. Nyani haoni kundule.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Viraka, pikapu tuliyoiunda wenyewe kwa bodi ya gari moja, injini ya jingine na ekseli ya la tatu. Breki zake za nyuma zilikuwa za ngoma. Zikiingia maji na matope zilishika upande mmoja, na dereva akawa anashuka mteremko akiomba dua. Meneja akakubali zing'olewe, zifungwe za diski. Mzee Hebu alichonga vishikizo vya chuma kwa mkono wake, akavipima na kuvipima tena, akafunga diski, pedi na kalipa za kuzibana pedi hizo, na handibreki akaiunganisha upya. Alikuwa peke yake, mlango umefungwa, maana hakumwamini mtu kumshikia hata tochi.

Pedali ikagoma. Ukiikanyaga ilizama kama godoro, dalili kwamba kwenye mabomba kuna hewa. Akatoa hewa, ikazama. Akatoa tena, ikazama. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Alishuku pampu ya breki, akaifungua, haina neno. Akashuku mguu wa dereva, kwamba unakanyaga kwa hila. Dereva akavua kiatu kuuonyesha. Chupa ya sita ya mafuta ya breki ilipokwisha, akaipeleka dirishani, akainusa, kisha akanitazama mimi.

Kesho yake nikaletewa barua ya meneja. Mafuta ya stoo yanatiliwa shaka kuwa yamechanganywa. Nijieleze ndani ya siku tatu, la sivyo hatua zitachukuliwa. Sitaficha: niliumia, na mimi nikaanza kumshuku. Mtu amebakiza wiki tatu aondoke na sifa zake, na kazi ya mwisho imemshinda. Nani wa kubebeshwa kama si mwenye funguo za stoo? Nikakagua vizibo vya chupa zote na kuulinda mlango kama kuku mwenye vifaranga.

Siku ya pili, wenzetu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nikamwona kupitia dirisha la stoo. Amelala chini ya Viraka, hatikisiki. Akatoka, akachungulia magurudumu ya mbele, akarudi nyuma, akakaa sakafuni. Nikasema moyoni, mzee huyu anapika jambo. Kisha akafunga mlango. Alasiri pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, nami nikazidi kuingiwa na baridi: sasa atasema alipata mafuta kwingine, ndiyo yaliyoponya.

Asubuhi alikuja stoo na kadi ya kazi. Nikasema hebu, nikaipeleka dirishani. Palipoulizwa chanzo cha hitilafu, alikuwa ameandika kwamba alipolala chali chini ya gari, kalipa ya kushoto aliifunga kulia na ya kulia kushoto. Kiskrubu cha kutolea hewa kikawa chini badala ya juu, na hewa ikajibanza juu isipate pa kutokea. Kosa ni langu, aliandika. Mafuta ni mazuri. Nakala kwa meneja.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, nami sikujua nilichokiona. Angeondoka na rekodi safi, nikabaki na barua kwenye faili. Badala yake aliisoma kadi ile kwa sauti mbele ya karakana nzima, akaniomba radhi, kisha akanipa tochi yake na kunionyesha ile nafasi tupu ya mkaguzi wa pili. Nikajilaza chini ya Viraka na koti langu la stoo. Nilikagua kushoto, nikakagua kulia, nikarudia, maana ndivyo alivyotufunza. Nilipotia saini machozi yalikuwa yananilengalenga.

Siku ya kuagana Viraka ndiyo itakayompeleka nyumbani. Ataikagua kwanza; tumemwekea nusu saa kwenye ratiba. Wasifu huu pia ameupitia kabla haujachapwa. Kisa cha kalipa nilikuwa tayari kukifuta kama angetaka. Aliandika pembeni kwa penseli: kiache.

Asante, Mzee Hebu, kwa kila gari lililosimama pale chini. Tunakutakia wewe na Shemeji maisha mema, yenye afya na utulivu. Na ukihitaji mkaguzi wa pili, stoo hufunguliwa saa mbili asubuhi.