Épiphanie Mukarugwiza na Viwavi wa Majani ya Viazi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gratien, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa yeye angesoma vizuri zaidi, maana alikuwa mwalimu na hakupenda mtu anayemung'unya maneno.

Dada yetu Épiphanie Mukarugwiza alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Kadutu, Bukavu, Kongo, wazazi wetu wakiwa wakimbizi waliotoka upande huu wa mto, akasoma huko huko, akahitimu ualimu wa biolojia Julai 1984, na tarehe 8 Agosti 1987 akafunga ndoa na fundi cherehani Sibomana, wakajaliwa Ganza mwaka 1989 na Umuhire mwaka 1991. Septemba 1994 walivuka mpaka kwa daraja la Rusizi I wakarudi nyumbani, akafundisha sekondari hapa Kamembe, na miaka ile ya vita milio ya risasi ilipotufikia kutoka ng'ambo, Kongo, aliwatuliza wanafunzi kwa kuwaonyesha viwavi.

Aliwafuga nyumbani, wale wanono wa majani ya viazi vitamu, Umuhire akiwaletea majani kutoka shambani, na alichotaka kujua ni nani anayeuamuru utumbo wao ukue, maana kiwavi akijivua ngozi, utumbo nao hupata ukuta mpya, kutokana na seli ndogo zilizokaa chini zikingoja. Kwa uzi wa mumewe alimfunga kiwavi nyuma ya kifua, ili homoni ya kujivua inayotoka mbele isipite, kisha kwa hadubini ya shule akatuonyesha kwamba mbele ya uzi seli zile zimeongezeka, na nyuma yake zimelala, hazikupata habari. Viwavi waliobaki, mama mkwe wake, aliyezoea kula viwavi Kongo, aliwakaanga kwa chumvi na kitunguu, akawasifu sana, na dada alicheka mpaka akakaa chini.

Januari 2002 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakakuta uvimbe kwenye utumbo, na mtaani maneno yakaanza, kwamba viwavi wamemwingia, na aliyewaleta pamoja na majani ni yule mtoto. Umuhire alisikia, akaacha kumsogelea mama yake, akiamini amemuua. Dada alimweleza kwamba kiwavi haishi tumboni mwa mtu, kwamba hata sisi tuna seli kama zile, zinazoambiwa kukua na kuambiwa kuacha, ila zake zimekataa kuambiwa, na mtoto aliitikia kwa adabu tu, bila kusadiki. Ndipo dada akaniambia, "Gratien, siku utasoma maisha yangu, useme mbele ya batu bote, haiko majani ya mutoto ndiyo iliniua."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Juni 2003, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake walioshika vipindi vyake, na majirani wote, hata ninyi mliosema yale maneno, kwa sababu ni ninyi pia mliombeba kwenye machela mvua ikinyesha, na leo tunawaomba myaache hapa.

Umuhire, umesimama mbali, njoo mbele, udongo wa kwanza mama alitaka uuweke wewe.

Dada Épiphanie, nimesema mbele ya watu wote, mtoto hana kosa. Pumzika kwa amani.